Uungwana ni Nasaba au ni Vitendo?

Wazee wetu wana methali fupi isemayo kuwa uungwana ni vitendo. Kila mtoto aliyekulia penye Kiswahili ameisikia, na aghalabu ameisikia wakati wa kukemewa. Lakini kuisikia methali ni jambo moja, na kuipima ni jambo jingine. Maana dunia yenyewe haiendi daima kama methali isemavyo. Twamwona mtoto wa mtu mkubwa akipewa kiti kabla ya mwenziwe kukaribishwa. Twaliona jina la ukoo likitangulia mlangoni, na mwenye jina akifuata nyuma polepole. Ikiwa uungwana ni vitendo, mbona nasaba ndiyo ipatayo salamu ya kwanza? Na ikiwa uungwana ni nasaba, mbona twawadharau watu wa nasaba njema wafanyapo mabaya?

Swali hili si jepesi, wala halijibiwi kwa maneno matupu. Mizani isiyotiwa kitu haipimi. Kwa hiyo nataka tutie katika mizani maisha ya mtu mmoja, tuyatazame yalivyopanda na yalivyoshuka, kisha kila msomaji ahukumu mwenyewe. Mtu huyo ni Thomas Cochrane, kabaila wa Uskoti na afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza katika zama za matanga, zama ambazo manowari zilikwenda kwa upepo na mabaharia walipanda milingotini mchana na usiku. Alizaliwa mwaka 1775, akafa mwaka 1860. Sikumchagua kwa sababu alikuwa mwema kuliko wengine, hakuwa. Nimemchagua kwa sababu alizaliwa na heshima, akajipatia nyingine kwa kazi yake, akavuliwa heshima hiyo mbele ya macho ya watu, kisha akarudishiwa. Maisha kama hayo hutuonyesha lipi lilikuwa vazi na lipi lilikuwa mwili.

Baba yake alikuwa Earl wa 9 wa Dundonald. Earl ni cheo kikubwa cha urithi miongoni mwa makabaila wa Uingereza, na kwa ajili yake Thomas aliitwa Lord Cochrane tangu alipokuwa mtoto mdogo, kabla hajafanya lolote la kumstahilisha jina hilo. Lakini cheo kilikuwa kikubwa na mfuko ulikuwa mtupu. Baba alikuwa mtu wa elimu na majaribio. Alibuni njia ya kupata lami kutoka katika makaa ya mawe, akitumaini kwamba itapakwa katika mbao za meli ili zisiliwe na wadudu wa baharini. Wazo lilikuwa jema, ila faida haikumfikia, na mali ya ukoo ikateketea katika majaribio ya namna hiyo. Basi mwana alirithi jina bila ya mali, kama mtu aliyeachiwa kanzu ya fahari na ghala isiyo na nafaka.

Hata hivyo jina peke yake lilikuwa na kazi yake. Katika zama zile kijana aliyetaka kuwa afisa wa manowari alipaswa kwanza kuhesabiwa miaka ya utumishi baharini. Thomas alikuwa na baba mdogo, Alexander Cochrane, aliyekuwa kapteni. Baba mdogo huyo aliliandika jina la mtoto katika vitabu vya meli zake, kana kwamba mtoto yumo kazini, hali yeye alikuwa nyumbani nchi kavu akicheza. Desturi hiyo ilikuwa kinyume cha sheria, lakini ilitendwa na wakubwa wengi. Kwa hiyo kijana huyu alipokanyaga sitaha ya meli iitwayo Hind mwaka 1793, akiwa na umri wa miaka 17, kitabu kilikwisha kumhesabia miaka ambayo bahari haikumwona.

Msomaji, tusipite hapa kwa haraka. Katika miaka hiyohiyo vikosi vya wanamaji vilizunguka katika bandari za Uingereza vikiwakamata mabaharia maskini kwa nguvu na kuwatia manowarini, bila ya hiari yao na bila ya kuwaaga wake zao. Mtu mmoja aliandikwa kitabuni asipokuwapo ili apate cheo. Mwingine aliandikwa kitabuni asipotaka ili apate jasho na mijeledi. Tofauti kati yao haikuwa akili wala moyo, ilikuwa mlango waliozaliwa ndani yake. Basi kama mtu angetaka kusema kwamba nasaba ni dhuluma tupu, ushahidi wake ungeanzia katika kitabu hicho cha meli.

Lakini kitabu hakiwezi kufunga kamba wala kukunja tanga. Katika meli ya Hind palikuwa na luteni mmoja jina lake Jack Larmour, aliyepanda cheo kutoka miongoni mwa mabaharia wa kawaida kwa ustadi wake. Huyu hakupendezwa na kuletewa mtoto wa kabaila. Alipoliona sanduku la kijana, kubwa kuliko lilivyopasa, aliamuru likatwe kwa msumeno mpaka litoshe. Hapo zilikuwapo njia mbili. Kijana angeweza kukasirika na kumshtakia baba mdogo wake, aliyekuwa mkuu wa meli ile. Na wengi wangefanya hivyo. Yeye alinyamaza. Kisha akavua nguo zake za uafisa, akavaa kama baharia, akajifunza kazi ya kamba na milingoti kwa mikono yake chini ya luteni yule. Larmour akawa mwalimu wake na rafiki yake, na katika uzee wake Cochrane alimtaja kwa shukrani. Nadhani siku ile msumeno haukukata sanduku peke yake. Ulikata na majivuno.

Mwaka 1800 alipewa amri ya chombo chake cha kwanza, kilichoitwa Speedy. Kilikuwa chombo kidogo cha mizinga 14, na kila mzinga ulirusha tufe la ratili 4 tu. Cochrane alieleza kwa mzaha kwamba angeweza kutembea sitahani akiwa na matufe yote ya ubavu mmoja mifukoni mwake. Chumba chake kilikuwa kifupi, naye alikuwa mrefu sana. Alipotaka kunyoa ndevu ilimbidi atokeze kichwa katika tundu la juu na kuifanya sitaha meza yake ya kioo. Kwa chombo hicho, katika muda wa miezi 13 hivi, aliteka vyombo zaidi ya 50 katika Bahari ya Mediterania.

Tarehe 6 Mei 1801, karibu na Barcelona, alikutana na manowari ya Kihispania iliyoitwa Gamo. Ilikuwa na mizinga 32 na watu 319. Siku hiyo Cochrane alikuwa na watu 54, pamoja na wavulana. Kwanza alipandisha bendera ya Marekani ili Wahispania wasite kidogo. Kisha akapandisha ya Uingereza, akaisogeza Speedy hata ikagusana na Gamo ubavu kwa ubavu. Hila yake ilikuwa hii: Gamo ilikuwa ndefu kwenda juu, na mizinga yake ilipovuma matufe yalipita juu ya vichwa vya Waingereza, na mizinga midogo ya Speedy ilipiga kutoka chini kuelekea juu. Baadaye akawaamuru watu wake wote kuiparamia meli ya adui, akamwacha tabibu peke yake kwenye usukani. Katikati ya vita akamtuma mtu kuishusha bendera ya Hispania. Wahispania walipoona bendera yao imeshuka walidhani wakubwa wao wamesalimu amri, nao wakaweka silaha chini. Waingereza 3 tu waliuawa. Wahispania waliobaki hai walikuwa wengi kuliko waliowateka mara kadha.

Twaweza kusifu ushujaa huo, na ni haki. Lakini tutazame jambo lililofuata, maana kwa maoni yangu lapima zaidi. Luteni wa Speedy, jina lake Parker, alijeruhiwa vibaya katika mapigano yale, na Cochrane aliomba apandishwe cheo. Mkubwa wa wizara ya wanamaji wakati huo, Earl wa St Vincent, alikataa kwa hoja kwamba waliouawa katika Speedy ni wachache mno, hawatoshi kustahilisha tuzo. Cochrane akamjibu kwamba katika vita vya mwaka 1797, ambavyo kwavyo mkubwa huyo mwenyewe alipewa cheo cha Earl, meli yake iliuliwa mtu mmoja tu. Jibu lilikuwa la kweli, na kwa sababu lilikuwa la kweli halikusameheka. Kijana aliyepandishwa na jamaa zake kwa kitabu cha uwongo sasa alikuwa akihatarisha cheo chake kwa ajili ya mtu asiye na jamaa wa kumsemea. Hapo nasaba na kitendo viliachana njia, na Cochrane akafuata kitendo.

Miezi michache baada ya kuiteka Gamo, manowari tatu kubwa za Ufaransa ziliifukuza Speedy kwa saa nyingi, mwisho zikaikamata. Cochrane alipomkabidhi kapteni wa Kifaransa upanga wake, kama ilivyokuwa ada ya mtu aliyeshindwa, kapteni yule alimrudishia, akamtaka auvae japo ni mateka. Adui hakumwuliza babu yake ni nani. Alikuwa ameona kwa macho yake namna chombo kile kidogo kilivyohangaika, na hiyo ilimtosha.

Walakini tusimvike malaika vazi lisilo lake. Sheria za vita za wakati ule ziliruhusu thamani ya meli zilizotekwa igawanywe kwa waliozikamata, na sehemu kubwa ilikwenda kwa kapteni, huku mabaharia mamia wakigawana kipande. Cochrane alizipenda nyara kupita kiasi. Alipata maelfu ya paundi kwa manowari ya Pallas mwaka 1805, na bado kwa maisha yake yote aligombana juu ya hesabu. Alipotaka kuingia Bungeni alisimama katika mji mdogo wa Honiton, ambako kura zilinunuliwa waziwazi. Mara ya kwanza alikataa kununua, akashindwa. Kisha akawapa gini 10 kila mmoja wa wachache waliompigia kura. Habari ikaenea, na uchaguzi wa pili, mwaka 1806, wengi walimchagua wakitarajia kupata zaidi. Alipokwisha kushinda hakuwapa kitu. Watu walicheka, na mimi nimecheka niliposoma. Lakini kucheka si kuhalalisha. Kumwadhibu mla rushwa kwa kumwonyesha rushwa ni kuzima moto kwa mafuta.

Mwaka uliofuata alichaguliwa na mji wa Westminster, ambako wapiga kura walikuwa wengi na miongoni mwao walikuwamo mafundi na wenye maduka. Huko alisema mambo ambayo afisa anayetaka kupanda cheo huwa hayasemi. Alilalamikia meli mbovu, chakula kibaya, na ujira wa mabaharia uliocheleweshwa. Siku moja alilinganisha fidia ya maafisa waliokatwa miguu na mikono vitani na malipo ya uzeeni waliyopewa makabaila wasiotoka jasho, akafanya hesabu ni miguu mingapi ya maluteni ingetosha kulingana na malipo ya ukoo mmoja tu wa wakubwa. Hesabu hiyo ilikuwa ya kutisha kwa sababu ilikuwa sahihi. Na aliyeitoa alikuwa kabaila mwenyewe.

Twaweza kuuliza: je, alikumbuka kitabu cha baba mdogo wake aliposema hayo? Hilo lilikuwa siri ya moyo wake. Walakini naona somo ndani yake. Mtu hawezi kuchagua mlango aliozaliwa ndani yake, lakini aweza kuchagua kama ataufunga nyuma yake au atauacha wazi kwa wengine. Aliyefaidi upendeleo hana haki ya kusema upendeleo ni haki. Wajibu wake ni kuwa wa kwanza kuusema kwamba ni batili.

Aprili 1809 alitumwa kuishambulia jamii ya manowari za Ufaransa zilizotia nanga katika ghuba ya Basque Roads. Usiku wa tarehe 11 alipeleka meli zilizojaa baruti na meli za moto. Wafaransa wakakata nanga zao kwa hofu, na karibu meli zao zote zikapanda mwamba na mchanga. Asubuhi zililala ubavu kama samaki waliotupwa ufukoni. Cochrane alimpelekea ishara mkuu wake, Admeri Gambier, aje amalize kazi. Gambier hakufanya haraka, na meli nyingi zikajinasua. Cochrane alipewa Nishani ya Bath kwa kazi ile. Lakini Bunge lilipokusudia kumshukuru Gambier, Cochrane alitangaza kwamba atapinga. Gambier akataka mahakama ya kijeshi, nayo ikamwona hana hatia. Toka siku hiyo mlango wa jeshi ulifungwa mbele ya Cochrane. Kusema ukweli mbele ya wakubwa kulimgharimu kuliko mizinga yote ya adui.

Nyumbani pia alijipunguzia mali. Alikuwa na amu tajiri aliyetaka kumwoza mwanamke mwenye urithi mkubwa. Mwaka 1812 yeye alimwoa kwa siri Katherine Barnes, msichana yatima asiye na mali, na amu yule akamnyima urithi. Watu wa jadi waliona amejishusha. Ndoa hiyo ilidumu mpaka kufa kwake.

Kisha ikaja siku ya kuvuliwa. Februari 1814 mtu mmoja aliyevaa sare ya kijeshi alifika Dover akatangaza kwamba Napoleon ameuawa. Habari zilipofika London bei ya hati za mikopo ya serikali ilipanda. Waliokuwa nazo wakauza kwa faida. Muda si muda uwongo ukafichuka, na walionunua wakala hasara. Ilijulikana kwamba yule mwongo alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Cochrane, na kwamba mmoja wa baba zake wadogo alikuwa miongoni mwa waliofanya njama. Cochrane naye alikuwa na hati zilizouzwa siku hiyo. Aliapa kwamba hakujua lolote, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja jina la mgeni wake. Mahakama ilimhukumu kuwa ana hatia. Wanahistoria hawajakubaliana mpaka leo, nami sitajifanya hakimu juu yao.

Alihukumiwa kifungo cha miezi 12, faini ya paundi 1,000, na kusimamishwa hadharani shingo na mikono imebanwa katika mbao. Adhabu hii ya mwisho aliondolewa. Jeshi lilifuta jina lake. Bunge lilimfukuza. Bendera yake ya Nishani ya Bath ilishushwa katika kanisa kuu la Westminster ikatupwa nje na kupigwa mateke ngazini. Basi tazama: kila kitu ambacho binadamu walimpa, binadamu walikichukua. Kilibaki nini?

Kwanza, ilibaki imani ya watu waliomjua. Wapiga kura wa Westminster walimchagua tena mwaka uleule, naye yu mfungwa. Pili, ulibaki ujuzi, maana hakuna mahakama iwezayo kumvua mtu elimu yake. Na tatu, zilibaki ila zake, kwa kuwa hizo pia ni mali ya mtu mwenyewe. Machi 1815 alitoroka gerezani kwa kamba, akaenda kukaa Bungeni penye kiti chake, wakamkamata tena. Alipolipa faini aliandika maneno ya kulalamika nyuma ya noti ya paundi 1,000. Ushupavu uliomwokoa baharini haukumpa utulivu nchi kavu.

Mwaka 1818 alifika Chile, nchi iliyokuwa ikipigania kujitenga na Hispania, akapewa uongozi wa jeshi lake la majini. Huko hawakumtaka kwa ukoo wake. Walitaka mtu ajuaye vita vya bahari. Februari 1820 aliziteka ngome za Valdivia kwa watu wasiofika 400. Njiani meli yake ilikuwa imepanda mwamba, maji yakaingia, na pampu zikawa mbovu. Admeri alivua koti, akakunja mikono ya shati, akazitengeneza mwenyewe usiku. Hapo mkono wa Larmour ulikuwa ukifanya kazi ndani ya mkono wa Cochrane, miaka 27 baada ya sanduku kukatwa. Novemba mwaka huo aliingia usiku katika bandari ya Callao kwa mashua, watu wake wakivaa nguo nyeupe ili watambuane gizani, akaiteka manowari ya Esmeralda chini ya mizinga ya ngome. Meli za mataifa mengine zilizokuwa bandarini zilikuwa na taa za ishara ili zisipigwe na ngome. Cochrane akazitundika taa kama zilezile, na ngome ikachanganyikiwa.

Lakini huko pia hesabu za fedha zilimfuata. Mwaka 1821 alizichukua kwa nguvu fedha ambazo Jenerali San Martín aliziweka melini huko Ancón, akawalipa mabaharia mishahara waliyodaiwa. Yeye aliona ametenda haki. San Martín aliona ameibiwa. Mwaka 1823 aliingia katika utumishi wa Brazil, akaitoa Maranhão mikononi mwa Wareno kwa meli moja, kwa kuwaaminisha kwamba nyuma yake inakuja jeshi kubwa. Baadaye aligombana na serikali juu ya malipo, akaondoka na manowari yao mpaka Uingereza mwaka 1825. Ugiriki, alikokwenda mwaka 1827, hakufanikiwa kitu kikubwa.

Na hapa sisi wasomaji wa Afrika tuna swali letu. Uhuru alioupigania Brazil ulikuwa uhuru wa nani? Bendera ya Ureno ilishushwa, lakini Waafrika waliokuwa watumwa mashambani walibaki watumwa, na utumwa haukufutwa huko mpaka mwaka 1888. Simtwiki baharia mmoja dhambi ya dola nzima. Nasema tu kwamba ushujaa hauulizi daima, "Namshindia nani?" Upanga mkali waweza kukata mnyororo mmoja na kuupita mwingine bila ya kuuona. Kwa hiyo ushujaa peke yake sio uungwana. Ni nguvu, na nguvu hungojea kuambiwa ielekee wapi.

Mwaka 1831 baba yake alikufa naye akawa Earl wa 10 wa Dundonald. Mwaka 1832 alisamehewa na kurudishwa jeshini. Mwaka 1847 alirudishiwa nishani. Alikufa Oktoba 1860, akazikwa Westminster Abbey, na siku moja kabla ya mazishi bendera yake ilirudishwa mahali ilipopigwa mateke miaka 46 nyuma. Chile imeziita manowari zake kwa jina lake.

Sasa turudi kwenye mizani. Nasaba ilimfaa Cochrane, hilo halikanushiki: ilimwandika kitabuni kabla ya wakati. Lakini haikumfundisha kufunga kamba, haikuishinda Gamo, haikumsemea Parker, wala haikumkinga siku ya hukumu. Nasaba yaweza kumfungulia mtu mlango. Haiwezi kumfanyia kazi iliyomo nyumbani. Hivyo methali ya wazee wetu imesimama. Ila tuisome vizuri. Haikusema kwamba uungwana ni kitendo, imesema ni vitendo; na vitendo ni vyote, vya vita na vya hesabu, vya mchana mbele ya watu na vya usiku penye fedha. Ukivipima vya Cochrane vyote, utaona muungwana aliposimama kumtetea luteni wake, na utaona mtu wa kawaida, pengine chini ya kawaida, alipogombania nyara. Wote wawili walikuwa mtu mmoja.

Vijana mnaosoma, wako miongoni mwenu waliozaliwa na majina yanayotangulia mlangoni, na wako ambao majina yao hayajulikani ng'ambo ya mto wa kijiji chao. Wa kwanza wasijivune, na wa pili wasivunjike moyo. Mwenye jina kubwa amekopeshwa, na deni hulipwa kwa kazi. Asiye na jina hana deni hilo, lakini naye hakusamehewa kazi. Siku moja kila mmoja wenu atasimama kama Cochrane mbele ya Larmour, sanduku lake limekatwa, watu wakimtazama atafanya nini. Hapo hakuna babu awezaye kumjibia.